Kifafa cha Mimba si Mapepo

Likizo iliyopita shangazi yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Siku moja alilalamika kuwa kichwa chamwuma sana. Kesho yake akasema macho yaona ukungu. Usiku akaanguka, akakakamaa na kutetemeka mwili mzima. Wazee walisema ni mapepo, wakataka aitwe mganga wa kienyeji. Mama alikataa, akatafuta gari, wakampeleka hospitali.

Huko alidungwa sindano ya salfeti ya magnesiamu, dawa izuiayo degedege la mimba, akapewa na dawa ya kushusha presha. Kisha akazalishwa. Yeye na mtoto ni wazima.

Nilimwuliza mkunga mmoja maana ya ugonjwa huu. Alinieleza kwamba kwa kawaida huanza baada ya wiki 20 za mimba, na asili yake imo katika kondo la nyuma. Namba ya juu ya presha ikifika 140, au ya chini 90, ni onyo. Protini ikionekana katika mkojo, hatari huzidi. Dawa hutuliza tu. Kinachouondoa ugonjwa ni kuzaa. Hata hivyo mama huangaliwa baadaye, maana degedege laweza kuja hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Tena si kifafa kile cha kawaida, wala hakiambukizi.

"Taabu yetu," alisema mkunga, "ni kwamba presha haiumi. Tukimwambia mama alazwe, hujibu kuwa ni mzima, na mahindi yangoja palizi."

Nilipomweleza shangazi maneno hayo, aliinamisha kichwa. Alikuwa ameacha kwenda kliniki mara mbili, kwa kuwa hakuumwa.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8. Kila mara apimwe presha, hata akijiona mzima.

Wenzangu, tutakapofunga shule tutatawanyika Mbinga, Namtumbo, Tunduru na kwingineko. Tukimsikia mama mjamzito akilalamika kwa kichwa kikali, ukungu wa macho, maumivu ya tumbo upande wa juu, au uso na mikono kuvimba ghafula, tumhimize aende hospitali siku ile ile. Tusingoje aanguke.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne