Kibodi Ikigoma, Usikimbilie Boti



Hebu jaribuni kuandika "Lamu" bila herufi a. Jaribuni "Faza", "Shela", au barua ya kuomba kazi ya ualimu. Kiswahili kikikosa a hakina hata salamu. Ndiyo maana nimezielewa barua zenu za msimu huu, nyingi zimeandikwa kwa simu, zote zikilalamikia laptopu: kitufe kimekufa, kitufe kimeganda kinaandika oooooo mpaka ukurasa wa tatu, kibodi nzima imenyamaza siku ya mwisho ya kujaza fomu ya mkopo wa HELB. Na karibu nyote mnauliza swali moja: nipande boti niipeleke kwa fundi?

Bado. Wa Kizingitini akija Amu, yaani mjini Lamu, ni nauli ya kwenda na kurudi, ni kungoja maji yajae boti ipite mkondo wa Mkanda, na fundi akishaifungua huenda akakwambia spea itoke Mombasa au Nairobi, ije kwa basi hadi Mokowe. Utarudi kwenu mikono mitupu na laptopu imebaki kwake. Kabla ya safari hiyo, yapo ya kufanya ukiwa barazani kwako, na mengi hayana gharama.

Kwanza hakikisha kibodi inaumwa kweli. Ukibonyeza @ ikatoka alama ya kunukuu, na ukitaka ya kunukuu ikatoka @, hakuna kilichoharibika; mashine imehama kutoka mpangilio wa Kimarekani kwenda wa Kiingereza, au kinyume chake. Yule mdogo wangu wa Langoni, aliyeletewa laptopu na kaka yake kutoka Dubai ikaanza kuandika Kiarabu usiku, asitafute mganga. Aliminya Alt na Shift kwa pamoja bila kujua. Aminye tena, au abonyeze kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, itarudi. Na kama kila herufi inataka uikalie kwa muda ndipo itoke, huenda uliishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 ukaamsha kitu kiitwacho Filter Keys. Kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Accessibility, ukizime.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Zima mashine, iwashe, na kabla Windows haijaamka bonyeza F2, F10 au Delete, kutegemea kampuni iliyoitengeneza, mpaka uingie kwenye ile skrini ya mipangilio ya BIOS. Hapo Windows haina kauli. Kama vishale vinakimbia vyenyewe hata huko, au kitufe hakishiki, ugonjwa uko kwenye mwili wa kibodi. Kama huko kimetulia na fujo inaanza Windows ikishafunguka, basi shida ni ya programu, na hakuna sababu ya mtu yeyote kushika bisibisi.

Ndani ya kibodi nyingi za laptopu mna karatasi tatu nyembamba za plastiki zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa mistari ya wino unaopitisha umeme. Ya kati ina matundu. Ukibonyeza kitufe, kipira kilicho chini yake kinaisukuma karatasi ya juu ikaigusa ya chini kupitia tundu, na herufi inatoka. Vitufe havina waya kila kimoja na wake, vinagawana mistari. Kwa hiyo hesabu vingapi vimekufa. Kikifa kimoja peke yake, mara nyingi ni mchanga au makombo ya mkate chini yake. Ipindue laptopu ikiwa imezimwa, igongegonge taratibu, pitisha brashi laini. Vikifa vitatu vinne kwa pamoja, hata kama havikukaa jirani, mstari umekatika au utepe wa waya unaoingia kwenye ubao umelegea, na ukipuliza mpaka kesho hutaona tofauti. Kitufe kinachojiandika chenyewe nacho, kama hakikuganda kwa uchafu, kina unyevu.

Unyevu wetu visiwani si wa maji matupu. Kusi ivume au kaskazi, upepo wa baharini unakuja na chumvi. Chumvi inavuta maji kutoka hewani, inatua juu ya metali na ile mistari myembamba, inaila pole pole. Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe, zinatupa ubaridi mchana, lakini zinashika unyevu vilevile. Sasa mtu anaichukua laptopu anaipanga kidakani kama sahani ya kale ya Kichina, anaiacha hapo likizo nzima, kisha anashangaa. Laptopu inayotumiwa kila siku inajikausha kwa joto lake. Iliyolazwa ndiyo inayooza. Ikiwa huitumii, ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na uiwashe mara kwa mara. Mifuniko ya silikoni ya kibodi inawafaa wa Shela kwa mchanga, lakini ukiiacha usiku na mchana inafungia unyevu ndani. Ivue ukimaliza kazi.

Haya, dawa yenyewe. Nunua kibodi ya nje ya USB. Ya kawaida, ya waya, mara nyingi haifiki shilingi 1,000, na mimi naona kila mwanafunzi na mwalimu wa Pate angekuwa nayo kabla ya kununua hata begi la laptopu. Katika laptopu nyingi za Windows kibodi ya ndani inazungumza na mashine kwa njia ya kizamani iitwayo PS/2, ya nje inapita USB, kwa hiyo kifo cha moja hakiigusi nyingine.

Lakini ile ya ndani ikiwa inajiandika yenyewe, kuchomeka ya nje hakutoshi. Wewe unaandika "Mheshimiwa", yenyewe inakuongezea oooo. Lazima uinyamazishe. Bonyeza upande wa kulia wa mausi juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, fungua Keyboards. Ya ndani kwa kawaida imeandikwa Standard PS/2 Keyboard. Ibonyeze kulia, ukiliona neno Disable, lichague, umemaliza. Laptopu nyingi zinalificha neno hilo na kukupa Uninstall tu, ambalo mara nyingi linainyamazisha mpaka utakapozima na kuwasha tena, kisha Windows inairudisha kazini. Kwa kazi ya kukabidhi leo jioni, hilo linatosha. Ukitaka inyamaze moja kwa moja, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, uandike:

sc config i8042prt start= disabled

Ile nafasi baada ya alama ya sawasawa usiiruke. Kisha washa upya. Siku ukibadilisha kibodi, amri ni hiyo hiyo, ila mwishoni weka auto badala ya disabled. Na sikiliza: kabla ya kufanya hivi hakikisha kibodi ya nje inafanya kazi, na amri zote mbili umeziandika daftarini. Ukiziandika ndani ya laptopu hiyo hiyo utakuja kunililia. Uwe na mausi karibu pia, kwa sababu kwenye mashine za zamani hata kile kibao cha kugusa kwa kidole kinapita njia hiyo na kitazimika.

Kama hata hiyo kibodi ya nje hujaipata na pasiwadi yako ina herufi iliyokufa, kwenye skrini ya kuingilia, pembe ya chini kulia, kuna alama ya Accessibility; ndani yake mna kibodi ya kwenye skrini, ubofye herufi kwa mausi. Ukishaingia, Windows, Ctrl na O kwa pamoja zinaileta. Inachosha, lakini itakuvusha. Insha ndefu iandike kwa simu, au iseme. Google iliongeza Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania katika kuandika kwa sauti mwaka 2017, na inasikia vizuri ukitamka taratibu. Kiamu chetu ndicho kinachoitoa jasho, kwa hiyo zungumza kama uko mbele ya mwalimu wa sanifu.

Waliozimwagia laptopu zao vitu ni wengi mno, nitawajibu kwa pamoja. Kahawa, sharubati ya ukwaju, wimbi lililoingia botini: chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime kabisa, ifungue uipindue isimame kama paa la nyumba, maji yachirizike mbali na ubao. Usiiwashe kuona kama imepona. Siku mbili, mdogo wangu, si saa mbili. Mchele hausaidii, unaacha vumbi lake tu. Mashine ya kukaushia nywele inayasukuma maji ndani zaidi na kuyeyusha plastiki. Maji ya bahari ni habari nyingine. Hayo hayangoji yakauke, kwa sababu maji yakiondoka chumvi inabaki. Hapo ndipo boti inapokuwa na haki: nenda kwa fundi siku hiyo hiyo, aondoe betri, asafishe kwa alikoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi.

Nenda haraka pia ukiona vitufe vya katikati vimeinuka, au kibao cha kugusa kimetuna, au laptopu haifungiki sawasawa. Hiyo huenda ni betri iliyovimba chini ya kibodi. Usiichaji, usiikandamize, usiitoboe, na usiiweke chini ya magunia botini.

Ukiamua kubadilisha kibodi, mpigie fundi simu kabla hujaondoka nyumbani. Msomee namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, mtumie picha ya kibodi ukionyesha umbo la kitufe cha Enter, kama ina taa, na kama kitufe cha kuwashia kiko ndani ya kibodi yenyewe. Muulize kama yako imefungwa kwa skrubu au imeyeyushwa kwa vijipini vya plastiki kwenye mfuniko wa juu. Ya pili ni kazi kubwa zaidi na bei yake haifanani na ya kwanza. Safiri spea ikishafika.

Na hili nawaambia hasa wasichana, ingawa wavulana nao wana ya kuficha: fundi wa kibodi hahitaji pasiwadi yako. Vitufe anaweza kuvijaribu kwenye BIOS, au kwenye kile kisanduku cha pasiwadi chenye alama ya jicho la kuonyesha ulichoandika. Akisisitiza, mfungulie akaunti ya pembeni isiyo na chochote. Picha za harusi, za dada zako wakiwa bila buibui, za watoto, zihamishie kwenye flashi na uondoke nayo.

Nimalizie na aliyeuliza kuhusu MacBook ya mkono wa pili ambayo mjomba wake ameiona Maskati. Kuanzia 2015 Apple walitia vitufe vyembamba walivyoviita vya kipepeo, na chembe ndogo ya vumbi ilitosha kukigandisha kimoja. Juni 2018 walifungua mpango wa kuvitengeneza bure, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani. Mpango ule ulihesabu miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, kwa hiyo za wakati huo muda wake umepita, na kwa mchanga wetu sikushauri. Mwambie mjomba asitazame rangi wala uzito, atazame mwaka. Ikiwa ni ya 2015 hadi 2019 na ina vitufe hivyo vya kipepeo, aiache dukani; ile ya inchi 16 iliyotoka mwishoni mwa 2019 haina. Ya 2020 kuendelea, aandike insha fupi palepale mbele ya muuzaji, abonyeze kila kitufe, ndipo atoe pesa.