Kutuma Kifurushi Msimu wa Sikukuu: Dai Stakabadhi

Tuchukue mfano wa mama wa Mbeya anayemtumia mwanawe aliyeko Iringa kitenge na mchele wa Kyela kwa ajili ya Krismasi. Akimkabidhi kondakta wa basi bila maandishi, kisha mzigo ukapotea njiani, hatakuwa na ushahidi wowote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu mtumiaji, tunakushauri uzingatie yafuatayo:

1. Tumia posta au msafirishaji wa vifurushi mwenye leseni, kama Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inavyotaka.

2. Tuma mapema, tarehe 25 na 26 Desemba ni siku za mapumziko.

3. Andika jina kamili na namba ya simu ya mpokeaji.

4. Taja kwa ukweli vilivyomo na thamani yake. Usifiche fedha ndani ya kifurushi.

5. Dai stakabadhi, nawe uitunze hadi mpokeaji athibitishe kupokea.

Mzigo ukichelewa, ukiharibika au ukipotea, lalamika kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, wasilisha lalamiko lako kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na nakala ya stakabadhi hiyo.