SOMO LA FAMILIA: KUPANDA KATIKA NCHI YA UGENI

Masomo: Yeremia 28:1-11; Yeremia 29:4-10; Mwanzo 26:12-22



Mwezi wa tatu umefika, na mawingu yanakusanyika juu ya vilima vya Isingiro. Huko kwetu Kivu tuliuita huu msimu B, na mwezi wa pili majembe yalikuwa tayari shambani. Hapa Nakivale mvua za kwanza za mwaka ni za Machi hadi Mei, na za pili ni za Septemba hadi Desemba. Nazo ni chache kuliko zile za milimani kwetu. Kwa hiyo wiki mbili zikipotea sasa, sufuria itazidai mwezi wa sita.

Somo hili ni la nyumba nzima: baba, mama, watoto, na hata yule anayeishi peke yake. Lisomeni jioni moja pamoja, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Hanania alisema miaka miwili

Watu wa Yuda walipokuwa wamechukuliwa mateka kwenda Babeli, nabii mmoja aitwaye Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika miaka miwili mateka wote watarudi. Lilikuwa neno tamu. Yeremia mwenyewe aliitikia Amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini neno lile halikutoka kwa Bwana.

Katika barua yake kwa mateka, Yeremia aliandika mambo mengine kabisa. Aliwaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule waliohamishiwa. Kurudi kwao kulikuwa kumeahidiwa, lakini baada ya miaka 70.

Tuone tofauti ya manabii hawa wawili. Wote walisema habari ya kurudi. Ila aliyemwamini Hanania hakuwa na sababu ya kushika jembe, kwa kuwa alijiona ni mtu wa kuondoka kesho. Aliyemwamini Yeremia alipanda, akala, akalea watoto, na tumaini la kurudi likabaki moyoni mwake.

Hanania hajaisha kati yetu. Kila msimu huja habari: orodha imetoka, majina yanaitwa, mwaka huu hatutavuna hapa. Wapendwa, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa husema kila mara kwamba duniani kote wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki 1 kati ya 100. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia zilizokuwa zimekwisha kupita mahojiano yote, hata zilizopewa tarehe ya safari, zilibaki. Baadhi ya familia za namna hiyo huwa zimeuza majembe na kugawa mbegu. Hatusemi msiombe safari. Tunasema ombeni mkiwa mmepanda. Jina likiitwa kabla ya mavuno, jirani atavuna, na hiyo ni sadaka. Jina lisipoitwa, watoto watakula.

Tukumbuke pia kwamba Wanyarwanda waliopewa ardhi hapa Nakivale mwanzoni mwa miaka ya 1960 nao waliitazama njia ya nyumbani. Wengi wao walingoja zaidi ya miaka 30. Miaka yote hiyo watoto walihitaji kula.

2. Kilo moja ya mbegu

Jaribu kubwa la mwezi huu liko jikoni. Mwaka 2020 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2021 ukapunguzwa tena, na mwaka 2023 familia zilianza kugawanywa katika makundi, wengine wakabaki bila mgao kabisa. Nyumba nyingi zinafika Machi zikiwa na kopo moja tu la mahindi, nalo ni lile la mbegu. Mtoto analia. Mama anatazama kopo.

Hatumhukumu mama huyo. Ila tuhesabu pamoja. Kilo 1 ya mahindi ikisagwa ni chakula cha jioni moja kwa watu sita. Kilo hiyo hiyo ikipandwa inatosha sehemu ya meta 20 kwa 20. Mvua ikiwa nzuri na magugu yakiondolewa mapema, sehemu hiyo inaweza kutoa zaidi ya kilo 50. Kwa hiyo anayeila mbegu leo anazila jioni nyingi za mwezi wa saba.

Hapa ndipo kanisa linatakiwa kuwa kanisa. Kama kuna nyumba inayokaribia kula mbegu yake, majirani waijue mapema, wapeleke bakuli la unga, ili mbegu ibaki. Bakuli la Machi lina thamani kuliko gunia la Agosti.

Angalizo kubwa: mbegu za dukani zilizopakwa dawa, ambazo mara nyingi zina rangi, si chakula. Zina sumu, hata zikioshwa na kuchemshwa. Waambieni watoto pia.

3. Kazi za msimu katika kiwanja kidogo

Wengi wetu tuna kiwanja cha meta 30 kwa 30 au pungufu, na ndani yake mna nyumba, jiko na choo. Tufanye hivi:

Kwanza, jaribuni mbegu. Fungeni punje 10 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 5 hadi 7. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 5 tu, ongezeni punje katika kila shimo. Zikipungua hapo, tafuteni mbegu nyingine.

Pili, msidanganywe na mvua ya siku moja. Chimbeni kidogo. Udongo ukiwa umelowa mpaka kina cha kiganja kizima, pandeni bila kuchelewa.

Tatu, changanyeni. Mistari ya mahindi iachane sentimeta 75, na katikati yake pandeni maharage. Mizizi ya maharage huongeza rutuba katika udongo, na maharage hukomaa kwa miezi mitatu hivi, kabla ya mahindi kukauka. Pembeni wekeni maboga, ambayo majani yake ni mboga.

Nne, pandeni chakula cha njaa ya karibu. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Karibu na mlango jazeni gunia udongo na samadi, katikati mkiweka nguzo ya mawe ya kupitishia maji, kisha toboeni pembeni mpande mboga. Maji ya kuoshea mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha kulinywesha. Muhogo upandwe mpakani: huchukua miezi tisa au zaidi, lakini sombe yake huja mapema.

Tano, kagueni mahindi kila asubuhi. Viwavijeshi vamizi, walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, hujificha katika moyo wa mmea. Pondeni mayai yao kwa vidole, na tieni majivu au mchanga katika moyo wa mmea. Hii ni kazi ya nusu saa ambayo watoto wanaweza kusaidia kabla ya shule. Lakini mtoto asikoseshwe darasa kwa ajili ya kupalilia.

Sita, wakati wa Zaire tulifanya salongo kwa lazima. Sasa tuifanye kwa upendo. Nyumba tano zikiungana, Jumamosi moja kwa mjane, nyingine kwa mgonjwa, nyingine kwa watoto wasio na wazazi, hakuna kiwanja kitakachobaki na majani. Baba naye asimwachie mama jembe peke yake, kisha akaja kuuza gunia bila kumwuliza. Mavuno yahesabiwe na wote wawili, na mbegu ya msimu ujao itengwe kabla ya kuuza hata debe moja.

4. Isaka na visima

Isaka alikuwa mgeni Gerari, tena wakati wa njaa. Alipanda katika nchi ile, na Mungu akambariki akavuna mara mia. Lakini mavuno yalileta wivu. Wenyeji walikuwa wamefukia visima vya baba yake. Alichimba kingine, wakagombana. Akachimba kingine tena, wakagombana. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi.

Sisi nasi tuna ng'ombe wa wenyeji wanaoingia kwenye maharage, na mbuzi wetu wanaoingia kwao. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zinaturuhusu kulima ardhi tuliyopewa, bali si kuiuza wala kuikodisha. Kwa hiyo tusisogeze mpaka, na tusinunue kiwanja kwa siri. Mnyama akiharibu shamba, msimpige wala msimkate. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji aone uharibifu siku hiyo hiyo, mkiwa na jirani shahidi. Isaka hakuwa mwoga. Alijua kwamba kisima cha tatu ni bora kuliko mtoto aliyeuawa kwenye kisima cha kwanza.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni habari gani za siku hizi zinazofanana na neno la Hanania? Zimetuzuia kufanya nini?
2. Mbegu yetu iko wapi, na nani anailinda?
3. Ni nyumba gani jirani ambayo haitapanda kama hatutaisaidia wiki hii?
4. Kuna mwenyeji gani tunayepaswa kupatana naye kabla ya mvua?

Tuombe

Ee Bwana, wewe unajua kijiji tulichokiacha na njia ya kurudi. Tupe mvua kwa wakati wake. Wape mama zetu nguvu ya kuitunza mbegu, na majirani moyo wa kutoa bakuli. Utupe amani na watu wa nchi hii waliotupokea. Katika jina la Yesu, Amina.