SOMO FUPI: SEHEMU YA MWISHO YA MWINDO

Kwa Wanyanga wa Kivu, mwaka 1956, Shekarisi Rureke aliimba hadisi ya Mwindo kwa siku 12. Biebuyck na Mateene waliiandika, kitabu kikatoka 1969.

Mwindo, ule mtoto aliyezaliwa akitembea, alimshinda baba yake, mwami aliyetaka kumuua. Utamu gani! Wengi wetu tungefunga kitabu hapo. Lakini tusihame: sehemu moja inabakia. Mwindo anaua joka, rafiki ya Nkuba, mwenye umeme. Nkuba anamupandisha mbinguni mwaka muzima, kwa baridi, mvua na jua kali, na kumukataza kuua nyama. Anarudi bila majivuno, anawapa watu sheria.

Ulizo: Kwa nini mwenye kushinda alifundishwa kisha kushinda, si mbele?