Munyoo wa maini: mwizi asiyevunja zizi

Hapa Kivu kila mtu anajua hasara ya ngombe aliyekufa. Katika somo hili tunataka kuonyesha ya kuwa hata ngombe anayeishi anaweza kupoteza mali ya jamaa, kama anabeba munyoo wa maini.

1. Munyoo huu unaishi namna gani?
Iko bapa kama jani, na urefu wake unaweza kupita sentimeta 5. Wenye elimu wanauita Fasciola gigantica. Unakaa ndani ya ini, unanyonya damu na kutaga mayai. Mayai yanatoka pamoja na mavi. Yakifika katika maji, yanatoa kadudu kanakoingia ndani ya konokono. Mule kanazaa wengine wengi, wanatoka na kushikamana na majani. Ngombe anakula majani hayo, na ugonjwa umeingia. Wakati wa kiangazi milima inakauka, wachungaji wanashusha ngombe mabondeni kwenye majimaji. Njo pale hatari inazidi.

2. Hasara iko wapi?
a) Maziwa: tuseme ngombe amepunguza litre 1 tu kwa siku. Katika siku 200, litre 200 zimepotea.
b) Uzito: ngombe aliyekonda, mnunuzi anashusha bei.
c) Uzazi: ngombe dhaifu anakawia kupata mimba.
d) Ini: machinjioni, mkaguzi akiona minyoo analitupa.
Hasara hizi hakuna anayezililia, kwa sababu zinakuja kidogo kidogo. Lakini wengi wetu tunalipiwa minervali kwa maziwa na ngombe wa wazazi. Franka zinazokosekana mwanzo wa mwaka, pengine zilibaki bondeni.

3. Tufanye nini?
Si kila dawa ya minyoo inaua munyoo wa maini. Tumuulize veterineri kabla ya kununua. Tunyweshe ngombe katika beseni ao mtumba, wasiingie bondeni. Zaidi ya yote, wenye ngombe wapatane kutoa dawa pamoja. Bonde ni la wote: mmoja akikataa, mavi ya ngombe wake yataambukiza wa jirani tena.

Zoezi la likizo: uliza bei ya litre 1 ya maziwa kwenu, uzidishe mara 200. Jibu lake umuonyeshe baba.