Likizo Kubwa katika Mwaka Mgumu

1. Mwaka ambao kengele ilinyamaza

Watoto, mnajua desturi ya masomo yetu. Likizo kubwa huanza mwanzo wa mwezi wa saba na huisha mwanzo wa mwezi wa tisa. Ni wakati wa kiangazi. Mvua imekatika, njia zina vumbi, majani yamekauka. Asubuhi kuna baridi, hasa katika milima ya Kivu na katika nyanda za juu za Katanga. Mwanafunzi hupokea karatasi yake ya alama, huagana na mwalimu, kisha hukimbia nyumbani kwa furaha.

Mwaka wa 2020 haukuwa hivyo. Tarehe 10 ya mwezi wa tatu mgonjwa wa kwanza wa Korona alijulikana Kinshasa. Tarehe 19 ya mwezi ule ule masomo yote ya nchi yalifungwa. Watoto walirudi nyumbani bila karatasi ya alama, tena bila kujua siku ya kurudi. Wanafunzi wa darasa la mwisho waliitwa tena mwezi wa nane, wamalize mwaka wao. Wengine walingoja mpaka tarehe 12 ya mwezi wa kumi. Hesabuni wenyewe siku zile: ni 207. Likizo kubwa ya kawaida ina siku 62 hivi.

Huko mashariki taabu zilizidi. Ugonjwa wa Ebola ulikuwa umetangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018. Haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020, nao uliua watu 2,287. Katika mwezi wa nne wa mwaka ule wa 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira na kubomoa nyumba nyingi. Baba wengi walikosa kazi, mama wengi walishindwa kwenda sokoni mbali. Katika nyumba nyingi chungu kilipikwa mara moja tu kwa siku.

Mwaka mgumu waweza kuja tena, kwa sura nyingine. Tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021 mlima Nyiragongo ulitoa moto, na watu wa Goma wakakimbia. Pengine ni vita, pengine ni ugonjwa, pengine baba hana kazi. Hatuchagui mwaka. Lakini twaweza kuchagua namna ya kutumia siku zake. Hilo ndilo somo letu la leo.

2. Jembe lililoachwa hushika kutu

Tazameni jembe lililoachwa pembeni ya nyumba. Hakuna aliyelivunja. Limeachwa tu, na kutu imelila. Akili ya mwanafunzi ni vivyo hivyo. Mtoto asiyefungua kitabu muda mrefu huanza kusahau maneno magumu, kisha kujumlisha na kutoa, kisha kusoma kwenyewe.

Nyumba za masomo zilipofunguliwa mwezi wa kumi 2020, wako watoto ambao hawakurudi. Mmoja alikuwa amekwenda kuchimba mawe ya madini, akazoea franka kidogo za kila siku. Msichana mwingine alikuwa ameozwa angali mdogo. Mwingine tena alikuwa nyumbani tu, lakini aliona haya. Alisema moyoni: «Nimesahau yote, wadogo zangu watanicheka.» Kwa ajili ya haya hiyo akapoteza masomo ya maisha yake.

Basi kulinda akili wakati wa likizo si mchezo. Ni kulinda njia ya kurudi.

3. Gawanya siku yako

Siku isiyo na mpango hupita kama maji katika kikapu. Gawanya siku yako sehemu nne.

Asubuhi na mapema: teka maji, fagia ua, nywesha bustani.
Kabla ya jua kuwa kali: soma na kuandika kwa muda wa saa moja.
Mchana: saidia wazazi, kisha cheza na wenzako.
Jioni: sikiliza wazee, fundisha wadogo, lala mapema.

Mtu atasema: «Nyumbani kwetu hakuna saa.» Jua ni saa. Simika kijiti kilichonyooka mahali penye uwazi, kisha weka jiwe penye ncha ya kivuli. Kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote vya siku hiyo, ni adhuhuri.

Kijiti hicho kitakufundisha neno lingine. Katika mwezi wa saba, kivuli cha adhuhuri huangukia upande wa kusini, kwa sababu jua liko upande wa kaskazini. Weka jiwe jipya kila Jumapili. Utaona kwamba kivuli cha adhuhuri kinapungua juma kwa juma. Jua linarudi kusini, nayo mvua hulifuata. Katika Kivu mvua hurudi kwa kawaida mwezi wa tisa. Katika Katanga ya kusini watu huingoja mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Hivyo mtoto mwenye kijiti na mawe tisa amesoma elimu ya dunia bila kulipa hata franka moja.

Tena angalieni jambo moja. Katika nyumba nyingi msichana huteka maji, hutwanga, hupika na kubeba mtoto, na kaka yake hukaa kibarazani. Jua linapokuchwa, msichana hakupata hata nusu saa ya kusoma. Si haki. Kaka ashike ndoo naye pia, ili dada apate saa yake. Ndugu wawili wakigawana kazi, wote wawili watasoma.

4. Kusoma bila darasa

Usiseme: «Sina daftari, sina kalamu, siwezi.» Udongo uliosawazishwa ni ubao. Kijiti ni chaki. Kaa la moto lililozimika huandika vizuri juu ya ubao wa zamani au kipande cha boksi. Kokoto mia moja ni mwalimu wa hesabu: panga safu 7 za kokoto 8, uhesabu zote, nawe hutasahau tena kwamba 7 mara 8 ni 56.

Una kitabu kimoja tu? Soma ukurasa mmoja kila siku kwa sauti. Siku 62 ni kurasa 62. Ukimaliza, anza tena, nawe utaona ya kuwa maneno yaliyokuwa magumu yamekuwa mepesi. Kama baba au mama hakujifunza kusoma, msomee yeye. Atafurahi, nawe utapata msikilizaji. Soma pia maneno yaliyoandikwa juu ya mfuko wa unga, juu ya chupa ya dawa, juu ya gari linalopita.

Wakati wa Korona masomo yalitolewa hata kwa redio. Radio Okapi, iliyoanza kusema mwaka wa 2002, ilitangaza mafundisho kwa watoto waliokuwa nyumbani. Redio moja ya jirani yatosha watoto kumi, wakikaa kimya na kuandika wanayosikia.

Nawe uliye mkubwa, mfundishe mdogo wako. Anayefundisha hujifunza mara mbili, kwa maana huwezi kueleza neno usilolijua.

5. Bustani ya kiangazi

Katika mwaka mgumu chakula ni shida ya kwanza. Mtoto hawezi kulima shamba kubwa peke yake, lakini aweza kutunza tuta moja karibu na nyumba.

Chagua mahali karibu na maji, kwa kuwa mvua hakuna. Pima tuta lenye upana wa metre 1 na urefu wa metre 5. Upana usizidi hapo, ili mkono wako ufike katikati bila kukanyaga udongo. Lima vizuri, vunja madongo, changanya samadi kuukuu au takataka za jikoni zilizooza shimoni. Panda lenga-lenga, kwa sababu hukua upesi: baada ya juma tatu au nne waweza kuanza kuchuma.

Nywesha asubuhi na jioni, si adhuhuri, maana jua la adhuhuri hunywa maji kabla ya mizizi. Tandaza majani makavu kati ya mistari, yatashika unyevu. Wala usichome majani karibu na nyumba wakati wa kiangazi. Upepo mmoja tu, na moto umefika kwenye paa la jirani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme umechuma mafungu 15. Mama amepika 5 pamoja na bugali. Mafungu 10 umeyauza kwa franka 200 kila moja. Umepata franka 2,000. Tuseme daftari moja ni franka 500. Utanunua madaftari 4 kabla ya masomo kufunguliwa. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Maktaba iliyo kando ya moto

Babu na bibi wamekwisha kupita miaka mingi migumu. Nao wangali hai. Basi wanajua mambo ambayo hayamo kitabuni. Jioni, moto ukiwaka, keti karibu nao kwa adabu na kuuliza: «Babu, mlipokosa mvua mlikula nini?» «Bibi, majani gani ya porini yaliliwa wakati wa njaa, na yapi yalikatazwa?» «Ukoo wetu ulitoka wapi?»

Kesho yake andika uliyoyasikia: majina ya babu zako, majina ya miti na kazi ya kila mti, mithali tano, hadithi moja. Usingoje mwaka ujao, kwani mzee akifa, mengi aliyoyajua huzikwa pamoja naye. Mwisho wa likizo utakuwa na daftari lisilouzwa katika duka lolote.

7. Mlinzi wa wadogo

Wazazi wakienda shambani au sokoni, mkubwa wa watoto ndiye mlinzi. Basi ajue mambo haya.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Isuguliwe kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka 20. Desturi hiyo ilifundishwa kwa nguvu wakati wa Ebola na Korona, lakini huzuia pia kuhara na kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara kando ya Ziwa Tanganyika, kama vile Uvira na Kalemie. Maji ya kunywa yachemshwe, yafunikwe.

Mdogo wako akihara sana, mwili wake unapoteza maji, na hilo ndilo huua upesi. Apelekwe kwa mganga wa dispensari bila kukawia. Na mnapojitayarisha na njiani, mpe maji haya kidogo kidogo: litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Liandike jambo hili na kulikariri. Mtoto wa miaka kumi aliyelijua vema aweza kuokoa ndugu yake.

8. Siku ya kurudi

Kengele italia tena siku moja. Siku hiyo usitazame kama kaptula yako imepasuka, au kama wenzako wamevaa viatu na wewe huna. Njoo. Na kama umesahau mengi, njoo vilevile. Mwalimu hamcheki mtoto aliyerudi; humsikitikia yule ambaye kiti chake ni kitupu. Ukimjua mwenzako aliyebaki nyumbani kwa haya, pitia kwao asubuhi, mshike mkono, mje wawili.

Mwaka mgumu hunyang'anya watu vitu vingi. Ulichokitia kichwani hauwezi kukinyang'anya, ukikitunza.

MAULIZO

1. Masomo yalifungwa tarehe gani mwaka wa 2020? Yalifunguliwa kwa wote tarehe gani?
2. Taja sababu tatu za watoto wengine kutorudi.
3. Kwa nini kivuli cha adhuhuri katika mwezi wa saba huangukia kusini?
4. Kwa nini tuta lisizidi upana wa metre 1?
5. Kwa nini si haki msichana afanye kazi zote za nyumbani peke yake?
6. Eleza namna ya kutengeneza maji ya mtoto anayehara.

HESABU

Mtoto amechuma mafungu 24 ya lenga-lenga. Mafungu 9 yameliwa nyumbani, mengine ameyauza kwa franka 200 kila moja. Daftari moja ni franka 500. Atanunua madaftari mangapi?

KUANDIKA

Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari za mwaka mgumu aliouona. Andika mistari kumi: ulikuwa mwaka gani, taabu ilikuwa gani, watu walisaidianaje.