Lori-Nyumba la Familia kwa Barabara Mbovu: Maswali na Majibu

Lori-nyumba ni gari la namna gani, nalo linatofautiana vipi na gari dogo la kulala?

Lori-nyumba ni lori la mizigo lililovuliwa bodi yake ya awali na kuwekewa bodi ya makazi, yaani chumba kilichofungwa pande zote chenye vitanda, jiko, maji na umeme wake, ili watu waweze kuishi humo mahali pasipo na hoteli wala kambi. Gari dogo la kulala, kama lile linalotengenezwa kutokana na Hiace au Land Cruiser, huwatosha watu wawili wasioona tabu kutoka nje kila wanapotaka kupika, lakini familia yenye watoto watatu huelemewa nalo siku ya kwanza ya mvua, kwa kuwa hakuna nafasi ya mmoja kulala, mwingine kusoma na wa tatu kula kwa wakati mmoja. Ujenzi wa magari haya umekita mizizi zaidi Ujerumani na Australia, na malori mengi yanayoonekana Namanga au Moyale yakiwa njiani kati ya Cairo na Cape Town yametoka Ulaya.

Kati ya malori yaliyopo, lipi linaifaa familia?

Majina mawili hutajwa sana. La kwanza ni Unimog, gari la Kijerumani lililobuniwa mara tu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kwa ajili ya kazi za shambani, likaanza kutengenezwa kwa mauzo mwaka 1948 na kuanza kutengenezwa na Daimler-Benz mwaka 1951. Nguvu yake imo katika ekseli: ekseli ya kawaida huingia gurudumuni katikati kabisa, ilhali ya Unimog hupita juu ya kitovu, na mwendo huteremshwa hadi kitovuni kwa gia zilizofichwa karibu na kila gurudumu, kwa hiyo difu hukaa juu zaidi na haigongi mawe kwa urahisi. La pili ni Fuso Canter ya aina ya FG, ambayo husukumwa kwa magurudumu yote manne na ni ndugu wa Canter zinazobeba mchanga, ndizi na magunia ya viazi katika kila mji wa Afrika Mashariki. Waaustralia hupenda pia Isuzu NPS, ambayo ina hulka hiyohiyo.

Kwa familia itakayozunguka Kenya, Tanzania na nchi jirani, Canter au Isuzu ndiyo chaguo la busara, na sababu yake haihusu uwezo wa kupanda miamba. Lori linaloharibikia Singida au Marsabit linahitaji klachi, pampu ya maji au bitana za breki siku hiyohiyo, na kwa Fuso na Isuzu fundi anavijua vifaa hivyo na duka la vipuri huwa navyo, ilhali vipuri vingi vya Unimog sharti viagizwe kutoka mbali. Hata hivyo mnunuzi asidanganyike kwa kulinganisha majina tu, kwa kuwa Canter nyingi za huku husukumwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Difu ya mbele, shafti za mbele na kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma havipatikani kwa urahisi, na mwenye FG hana budi kubeba sili na beringi za sehemu hizo. Anayetaka kusajili lori lake Kenya akumbuke pia kwamba nchi hiyo hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kanuni ambayo huwafungia mlango wa usajili wapenzi wengi wa Unimog za zamani.

Marekebisho ya kwanza yanayostahili fedha kwenye Canter ni magurudumu ya nyuma. Kiwandani hufungwa mawili mawili kila upande, jambo ambalo ni jema kwa mzigo lakini baya njiani, kwa sababu jiwe hukwama kati ya tairi mbili na kuzichana, na kwenye mchanga tairi za nyuma hulazimika kuchimba njia yao wenyewe kwa kuwa hazifuati mkondo wa zile za mbele. Kubadili rimu ili kila upande ubaki na tairi moja pana, yenye uwezo wa kubeba uzito uleule, huondoa kasoro zote mbili na kuifanya tairi moja ya akiba ifae mbele na nyuma.

Kwa nini bodi ya makazi haifungwi moja kwa moja juu ya chasisi?

Chasisi ya lori ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, nayo imekusudiwa kujipinda, ili gurudumu la mbele kushoto linapopanda tuta na la nyuma kulia likapanda jingine, magurudumu yote manne yaendelee kukanyaga ardhi. Bodi ya makazi ni kinyume chake, kwa kuwa hujengwa kwa paneli za tabaka tatu, yaani maganda mawili ya faibaglasi yaliyobana povu gumu la poliyurethani lenye unene wa takriban milimita 40 hadi 60, na paneli hizo zikigundishwa pembe kwa pembe huwa sanduku lisilokubali kupinda. Viwili hivi vikikazwa pamoja kwa bolti, kimoja lazima kishindwe: ama gundi ya pembeni inaachia na mvua inaingia ndani, ama chasisi inapata ufa nyuma ya kabini, pale mkazo unapojikusanya.

Dawa yake ni fremu ya kati, yaani fremu ya pili ya chuma inayobeba bodi na kuegemea chasisi bila kuibana kila mahali. Kwenye Canter, ambayo mihimili yake ni migumu kiasi, fremu hiyo hukazwa upande wa nyuma na kushikwa kwa bolti zenye springi upande wa mbele, ili chasisi inapojipinda fremu iinuke kidogo kisha irudi mahali pake. Kwenye Unimog, ambayo chasisi yake hujipinda mno, springi hazitoshi, na mafundi hutumia egemeo la pointi tatu, au la pointi nne zilizopangwa kama almasi, ambamo pointi ya mbele na ya nyuma, zilizo katikati ya upana wa lori, huzunguka kwenye pini. Fundi bodi hodari wa malori ya mizigo anaweza kuijenga fremu ya springi vizuri akielezwa shabaha yake, lakini akiachwa afuate mazoea ataichomelea chasisini, kwa kuwa ndivyo bodi nyingi za mizigo zinavyoimarishwa, na bodi ya mbao au mabati husamehe kile ambacho faibaglasi haisamehi.

Anayetaka kuthibitisha kazi hiyo hahitaji vipimo vya maabara. Lori lisimamishwe huku gurudumu moja la mbele likiwa juu ya tuta la kimo cha goti na la nyuma la upande wa pili juu ya jingine, kisha itazamwe nafasi iliyo kati ya chasisi na fremu ya kati, nyuma ya kabini: ikiwa fremu inafanya kazi, nafasi hiyo huwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, bolti za springi za upande mmoja huonekana zimenyanyuka, na milango ya makabati ndani ya bodi hufunguka na kufungwa kama kawaida. Mlango wa bodi ukikwama katika hali hiyo, lori halijawa tayari kwa safari.

Uzito hupangwaje?

Hapa ndipo malori mengi mazuri yanapoharibiwa na wenyewe, kwa maana kila kifaa kinachopendeza dukani hupunguza maisha ya springi, breki na ekseli. Uzito halali ni kiwango cha juu kilichowekwa na mtengenezaji kwa lori, mzigo na watu wake wote. Chukulia lori la kilo 6,500 ambalo chasisi na kabini yake ni kilo 2,800, likabakiwa na kilo 3,700. Bodi tupu pamoja na fremu ya kati ikichukua 1,100, samani, betri na friji 700, maji lita 250 kilo 250, dizeli lita 200 takriban kilo 168, winchi, tairi za akiba na zana 250, watu watano 300, chakula, nguo na baiskeli 300, jumla inakuwa kilo 3,068, na akiba inayosalia ni kilo 632, karibu sehemu ya kumi ya uzito halali. Akiba ya namna hiyo si anasa, kwa sababu lori linaloishi kwenye barabara za vumbi likiwa limejaa hadi ukomo hupigwa na kila shimo kwa nguvu inayozidi sana uzito wake lilipopimwa likiwa limesimama.

Jumla peke yake haitoshi, kwani ekseli ya nyuma yaweza kuzidiwa huku ya mbele ikiwa nyepesi. Kwa hiyo matangi ya maji na betri hupangwa chini, karibu na katikati ya lori, na kila ekseli hupimwa peke yake kwenye mizani kabla ya kuamuliwa kama paa litabeba chochote.

Watoto waketi wapi lori linapotembea?

Jibu lililo salama zaidi ni kabini yenye milango minne, ambamo familia nzima huketi ikitazama mbele, kila mmoja akiwa na mkanda wa pointi tatu. Viti vya ndani ya bodi vinawezekana pale tu vinapofungwa kwenye chuma kilichoungana na fremu ya kati, kwa kuwa paneli ya faibaglasi haiwezi kushika mkanda siku ya ajali. Viti vya ubavuni, vinavyopendwa kwa sababu hugeuka kuwa vitanda, havifai kabisa kwa mtoto aliye safarini. Bodi nayo iwe na njia ya pili ya kutokea, kama dirisha kubwa au kifuniko cha paani, na watoto wafundishwe kuifungua gizani.

Je, injini mpya ni bora kuliko ya zamani?

Kwa Ulaya ni bora, kwa safari ndefu Afrika sivyo. Injini ya Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, ilibuniwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 10 za salfa katika kila sehemu milioni, ilhali kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichoanza Januari 2015, ni sehemu 50, na nje ya jumuiya ziko nchi zenye salfa nyingi zaidi. Salfa huudhoofisha mfumo wa kusafisha moshi na kuchangia chujio la masizi kuziba, na kompyuta ya injini inaweza kupunguza nguvu hadi lori litambae. Injini ya Euro 3 isiyo na chujio hilo ndiyo inayotafutwa na wasafiri wengi wenye uzoefu.

Umeme, maji na jiko vipangweje?

Betri za lithiamu-chuma-fosfeti ni nyepesi na hudumu, lakini hazichajiwi chini ya nyuzi 0, jambo la kuzingatiwa na anayelala juu milimani kama Lesotho. Betri ya volti 12.8 na saa-ampea 200 huhifadhi takriban kilowati-saa 2.5, kiasi kinachotosha friji, taa na pampu kwa siku moja au mbili. Kuhusu jiko, mitungi ya gesi hubadilika vichwa kutoka nchi hadi nchi, nayo gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni inapovuja, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje, na kifaa cha kutambua gesi kiwekwe karibu na sakafu. Maji ya kunywa yapitishwe kwenye kichujio chenye matundu yasiyozidi maikroni 0.2 pamoja na mkaa.

Mipakani kunahitajika nini?

Lori la kigeni huingia kwa muda kwa kitabu cha forodha kiitwacho Carnet de Passages, kinachotolewa na vyama vya magari kwa dhamana, au kwa kibali cha muda. Bima ya mtu wa tatu hukamilishwa kwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania huishiriki ingawa si mwanachama wa COMESA.

Ni nini cha kukagua baada ya safari ya kwanza?

Bolti za U zinazoshika springi kwenye ekseli hulegea baada ya mamia machache ya kilomita, nazo sharti zikazwe upya kwa spana yenye kipimo. Kisha hukaguliwa mabano ya matangi na ya tairi za akiba, ambayo hukatika mapema kwa mtikisiko wa barabara zenye makunyanzi, na mwisho chasisi yenyewe husafishwa na kutazamwa kwa tochi nyuma ya kabini: ufa ukionekana pale, kuuchomelea peke yake ni kuuhamisha tu, kwa kuwa kasoro iko kwenye fremu ya kati, na ni fremu hiyo inayopaswa kufunguliwa na kujengwa upya.